Jirani Aliyeingia Kwenye Lengo

Kazi yangu ukimweleza mgeni sebuleni, anaanza kutafuta simu yake. Niko kitengo cha manunuzi cha manispaa. Sheria inataka kila mwaka wa fedha sehemu ya zabuni zetu itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mimi ndiye ninayepanga lengo la mwaka, kisha kila robo mwaka naangalia tumefika wapi. Vikundi vikipungua, mkuu wangu wa kitengo ananiuliza mimi, kana kwamba nimevificha uvunguni.

Naishi Tegeta peke yangu, kwenye nyumba yenye vyumba vingi kuliko mahitaji yangu, niliyoijenga kwa matumaini ambayo sina haja ya kuyaeleza. Ndugu zangu wako Njombe. Zamani nikifunga geti Ijumaa jioni, sauti yangu mwenyewe nilikuwa naisikia tena Jumatatu. Aliyebadilisha hayo ni jirani yangu, mwanamke wa Mtwara, mpishi wa shughuli za watu. Aliniona siku moja nikitoka saluni, akanihurumia waziwazi.

"Waliokusuka wamekuibia," alisema. "Njoo kwangu Jumamosi."

Tangu hapo kila Jumamosi nilikaa mkekani, barazani kwake, akanisuka huku akinisema kwa kila kitu, hadi mapazia yangu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akinigusa. Nalisema hilo bila aibu kwa sababu ni kweli.

Mwaka mmoja lengo liligoma kabisa. Nikamlalamikia pale mkekani kwamba chai na chakula cha vikao tumekitengea kikundi cha wanawake, na hakuna kikundi kilichoomba.

"Na sie tukiomba?" aliuliza.

Nilifurahi mno. Nikamweleza namna ya kusajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na namna ya kuomba mtandaoni. Akawakusanya wapishi wenzake, wakaomba. Na mimi nikafanya inavyotakiwa: nikamwandikia mkuu wangu kwamba mwenyekiti wa kikundi hiki ni jirani na rafiki yangu, nikajitoa kwenye tathmini.

Mkuu alinishukuru. Kisha akasema, "Na huko nyumbani, dada, kaeni mbalimbali, na wakishinda, hadi mkataba wao uishe. Mzabuni aliyekosa akiwaona pamoja atalalamika, na zabuni itafutwa."

Jumamosi ile sikukaa mkekani. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo hata kusukana?"

"Hata kusukana."

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akaweka kitana chini. "Ingekuwa mie peke yangu, ningesema basi, sitaki," alisema. "Ila hawa wenzangu wana watoto, shoga. Nawaambiaje?"

Nilimwambia asiwaambie chochote. Nikarudi kwangu, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi, nikalia.

Walishinda, na walishinda kwa haki. Sikugusa karatasi hata moja. Robo iliyofuata lengo likatimia, na kikaoni wakuu wa idara wakanipigia makofi. Chai ya kikao hicho aliileta yeye, amevaa aproni mpya, akizunguka na chupa meza kwa meza. Alipofika kwangu akamimina bila kumwaga tone.

"Karibu chai, madamu," alisema.

Nikasema asante. Sambusa zake nilizijua ladha, nilizila sana barazani kwake, lakini siku hiyo niliila moja nusu, nyingine nikaziacha kwenye sahani. Jirani yangu wa mezani alizisifu, akaniuliza kama nawafahamu hao wapishi. Nilimjibu kwamba ni kimoja cha vikundi vyetu.

Mkataba wao ukaongezwa muda. Lengo nalo likapandishwa, kwa sababu serikalini ukifanya vizuri zawadi yako ni kazi zaidi. Mkuu akaniita. "Safari hii sabuni ya maji, ya zahanati zote," alisema. "Mtaani kwenu si wapo akina mama wanaotengeneza?"

Alikuwepo mmoja. Ni mama mtu mzima wa kwetu Njombe, tunasali kanisa moja. Tangu nipoteze ile baraza, Jumapili baada ya ibada nilikuwa nakwenda kwake tunaongea Kibena mpaka jua linazama. Ndiye pekee aliyekuwa akiniita mwanangu katika jiji hili. Sabuni anatengeneza na wakwe zake, wake za wanawe, wanaiuza kwenye chupa zilizokuwa za maji ya kunywa.

Jumapili iliyofuata nilimwamkia shikamoo kama kawaida, na nilikuwa nimeapa moyoni kutotaja zabuni. Akanimiminia chai ya tangawizi, akavuta kigoda karibu.

"Mwanangu, nasikia serikali inanunua sabuni kwa vikundi vya wanawake," alisema. "Hawa wakwe zangu hawana kazi, na watoto ndio hao unawaona. Wewe unazijua hizo habari?"

Nilizijua zote, tangu karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Nilimwomba aniongezee chai, nikainywa taratibu mpaka kikombe kikaisha, ndipo nikaanza kumweleza.