Skrubu za Aili

Mzee Reino Lahti alikuwa jirani yetu hapa Duluth, nyumba ya pili ukiteremka ziwani. Alikuwa na miaka sabini na minne, mstaafu wa gati la kupakia madini melini, amefiwa na mke. Kila asubuhi ya baridi, hata ndevu zikimganda, alikimbia hadi mnara wa taa na kurudi. Nilimsikia kabla sijamwona: kra, kra, kra. Zilikuwa skrubu fupi zilizofungwa kwenye soli za viatu ili zing'ate barafu, kama wakimbiaji wa huku wanavyofanya. Mwanangu Hilma, wa miezi saba, akisikia sauti hiyo aliacha kunyonya, akageuza shingo dirishani.

Kulikuwa na ahadi. Binti yake Marlene, anayeishi Arizona kwenye joto, alimwambia, "Baba, ukianguka mara moja tu, unahamia kwangu." Akakubali. Mimi akanitania, "Binti, ukiniona chini, jua nimelala tu."

Januari mvua ikanyesha, ikagandia njiani. Asubuhi nikasikia kra, kra, lakini hafifu. Kisha kishindo. Kisha kimya.

Nilimfunga Hilma kifuani kwa blanketi, nikabeba ile ndoo ya majivu ya jiko la kuni tunayoyamwaga ngazini tusiteleze, nikatoka. Alikuwa amekaa katikati ya njia, kofia kule.

"Nimelala tu," akasema.

"Umelala vibaya, mzee wangu."

Nikamwaga majivu kumzunguka mpaka akapata pa kukanyaga. Hakuvunjika popote. Jikoni kwangu nilimvua viatu, nikazigeuza soli. Skrubu zote zilikuwa zimelika, zimekuwa bapa kama vifungo vya shati.

"Umezifunga lini hizi?"

"Sikuzifunga mimi. Alizifunga Aili."

Aili, mkewe, ana miaka mitatu kaburini.

"Lakini mzee, hizi si hubadilishwa kila mwaka?"

"Najua." Akamtazama Hilma, si mimi. "Kila Novemba alikaa ngazini na bisibisi, viatu mapajani. Akimaliza ananirushia: haya, kimbia, na ukichelewa uji wako nampa mbwa. Na mbwa hatukuwa naye."

Nikampa bisibisi ya mume wangu. Alizitoa mwenyewe, moja moja, zote ishirini na nne, akazitia mfuko wa shati. Nilipoleta mpya akasema, "Acha kwanza. Niazime simu."

"Marlene? Nimeanguka." Akasikiliza. "Hapana, mzima." Akasikiliza tena, kwa muda mrefu. "Nakumbuka nilichosema."

Alipokata simu, nikamwambia, "Mimi nisingemwambia."

"Najua, binti. Ndiyo maana nimemwambia mwenyewe."

Marlene alikuja kumchukua Februari. Siku ya kuondoka mzee alipita kwangu na viatu mkononi, soli zimejaa matundu matupu. Akaviweka kibarazani. "Kule hakuna barafu," akasema. Alipoinama kumbusu Hilma, mfuko wa shati ukalia chwa.

Sasa nyumba yake ina mapazia yaliyofungwa. Nikimwaga majivu ngazini kwangu, najikuta nimefika hadi kwake, na ndoo imekwisha. Mume wangu huuliza, "Unamwagia nani?" Nikirudi ndani nanyonyesha karibu na dirisha, na saa ile ile ikifika Hilma anaachia titi, anageuza shingo, anangoja.