Koili Iliyopakwa Rangi

Gari lilizimika adhuhuri, katikati ya mchanga, na kaka yangu akashuka kufungua boneti kama vile tuko gereji. Hakufanya haraka. Mama alikuwa kiti cha nyuma pamoja na mke wa kaka, mwenye mimba ya miezi minane. Mimi nilishukia upande wa pili. Nyuma yetu, kwa mbali, vumbi lilikuwa likisogea, na sote wanne tulijua ni vumbi la nini.

Kaka alisema ni koili. Nilipoishika iliniunguza; mpaka leo kiganja changu cha kulia kina kovu la duara, kama muhuri. Tukaimwagia maji ya kunywa ipate kupoa. Nikafungua skrubu zake, nikaitoa, nikawa naipepea kwa upindo wa kikoi. Ilikuwa bado mkononi mwangu liliposimama lile gari lenye bunduki mgongoni. Wakauliza dereva ni nani. Kaka akasema ni yeye. Wakauliza gari la nani, akasema la tajiri wake. Wakacheka. Wakafunga gari letu kwa kamba nyuma ya lao, na kaka wakampandisha kwao, maana walikuwa na magari mengi ya kupora na watu wachache wa kuyaendesha. Hawakumpiga mbele yetu. Aligeuka akatuambia neno moja tu, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Maji yaliyobaki ni ya huyu."

Wakaenda zao. Mimi nimesimama na koili mkononi.

Hatukumwona tena. Nimelisema hili mwanzo ili msisome mkitarajia atarudi ukurasa wa mwisho. Harudi. Lakini yako mengine yaliyorudi, nayo nitayasema.

Mimi si msomi. Nimesoma chuo cha Kurani, nikahitimu juzuu kadhaa, na skuli nilikwenda darasa tatu. Ninayoyajua nimeyajua kwa kushika. Tulizaliwa kisiwani Chula, nyumba ya watu wa bahari, lakini kaka hakuipenda bahari. Alihamia Kismayu, akabeba mizigo bandarini, kisha akawa dereva wa tajiri mmoja wa samaki. Mwaka mmoja baadaye akaniita nikae naye.

Tajiri yule alikuwa na gari la mbio la Kitaliano, fupi, jeupe, lililokaa chini hata paka hakuweza kupita uvunguni. Lilikuwa na kabureta mbili, na likinguruma unalisikia kifuani kabla ya masikioni. Ijumaa baada ya sala alikuwa akilitoa barabara ya uwanja wa ndege, aende na kurudi, basi. Hakuwa na safari. Alitaka kulisikia tu. Siku nyingine alimwachia kaka usukani, na kaka akirudi nyumbani hakuongea mpaka chai iishe, kama mtu aliyetoka kusikiliza kisomo kizuri.

Vita vilipofika Kismayu tajiri akapata nafasi ya ndege. Alimpa kaka ufunguo, akamwambia likikuokoa ni lako. Kwa bahari hakukuwa na njia: wenye bunduki walikuwa wamekwisha kushika ufuo, wakachukua vyombo na mashine zake. Ikabaki njia ya bara, tufike Dhobley, tuvuke Kenya.

Shida ni kwamba gari lilikuwa linamisi. Silinda moja inawaka, nyingine inakataa. Kaka akaniambia waya za plagi zimepasuka na koili imechoka, kwa hiyo niende dukani nikachague mpya. Koili ndiyo inayozaa moto, na waya ndizo zinazoupeleka kwenye plagi. Yeye alibaki kuliziba gari matundu mengine.

Duka la vipuri lilikuwa moja tu lililo wazi. Mwenyewe alikuwa mtu mzima wa mjini, kanzu safi, tasbihi haimtoki mkononi. Nilimweleza yote, nami leo najuta kwa nini nilimweleza yote: kwamba tunasafiri mbali, kwamba kuna mama yangu, kwamba kuna mwanamke mwenye mimba. Akaingia ghalani akakaa muda. Alipotoka alikuwa na waya nne nyeusi na koili inayong'aa, nyeusi tititi, na karatasi yake ya nembo. Nikamwomba anionyeshe nyingine nilinganishe. Akaniangalia miguuni, ambako sikuwa na viatu.

"Wewe mwana wa visiwani jua samaki," akasema. "Koili niachie mimi."

Watu wawili waliokaa benchi la nje wakacheka. Nikaona haya. Nikalipa, nikaichukua kwa mng'aro wake. Hivyo ndivyo nilivyochagua: kwa haya na kwa mng'aro.

Sasa na langu. Asubuhi ya safari, kaka alipokuwa akiwafungasha akina mama, nilifungua boneti nikazipaka zile waya sifa. Asiyetoka kwetu nimweleze: sifa ni mafuta ya maini ya papa. Kwetu yanapakwa mbao za chombo, yanapakwa kila kitu kitakachokutana na chumvi, na mtoto wa Chula hufundishwa kwamba kitu kikavu ni kitu kinachosubiri kupasuka. Zile waya za kwanza zilipasuka, nami nikaona dawa yake naijua. Nikapaka kwa kitambaa, mara mbili, nikaridhika. Sikumwambia kaka. Nilitaka lile jambo jema liwe langu.

Tulipotoka mjini injini ikapata joto, gari zima likanuka papa. Mama akajifunika pua kwa buibui, akasema tajiri kwa umaridadi wake wote kumbe alikuwa anaendesha mashua. Tulicheka, wallahi. Kaka alicheka mpaka akapunguza mwendo. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichonacho.

Baada ya saa mbili tukaanza kumisi tena. Baada ya saa tatu gari likazimika kabisa. Yaliyofuata nimekwisha kuyasema.

Tulitembea siku mbili. Wakulima walitupa uji, lori la ng'ombe likatufikisha mpakani. Shemeji alijifungua kambini, mtoto wa kike, na mama akamwadhinia mwenyewe sikioni kwa kuwa mwanamume pekee wa karibu, yaani mimi, alikuwa analia. Baadaye tukateremka Mombasa. Shemeji akaolewa na mtu mwema. Mimi nikaingia gereji, nikafagia, nikashika spana, mpaka leo gereji ni yangu. Koili niliisafirisha kote huko ndani ya soksi. Sikuifungua. Watu walidhani naihifadhi kwa ukumbusho wa kaka. Ukweli niliogopa. Miaka yote hiyo nilikuwa na hakika kwamba sifa yangu ndiyo iliyolizima lile gari, na kwamba nikiifungua ile koili nikaikuta nzima, basi kaka nimemuua mimi.

Yule mtoto wa kambini sasa ni mwanamke mwenye kazi yake. Mwaka juzi alinunua gari. Sikumshauri mimi, angeniuliza ningemwambia anunue gari la kubebea watu na mizigo. Alinunua gari la mbio la Kijapani, lenye taba, lile linalopuliza hewa ndani ya injini kwa nguvu. Alilileta gerejini likimisi kila akikanyaga mafuta. Nilipousikia ule mkatiko nilikaa chini.

"Ami, una nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nina njaa.

Alikuwa na sababu ya haraka. Bibi yake, yaani mama yangu, alitaka kwenda Lamu kumwona dada yake kabla mmoja wao hajafa, na mwana huyu alimwahidi kumpeleka mwenyewe, kwa gari lake, mpaka Mokowe, penye gati la kuvukia Lamu. Mama hajapanda gari dogo kwa safari ndefu tangu siku ile. Mabasi hupanda, lori hupanda. Gari dogo hapana. Safari hii alikubali, kwa sharti moja, kwamba mimi ndiye nitakayelitengeneza.

Basi nikachagua. Safari hii nilichagua wiki tatu. Nililetewa waya nyekundu za kupendeza, nikazikataa: mita ilisoma namba ya kila waya kivyake, moja fupi inazuia umeme kuliko ndefu, na hilo haliwezekani kwa waya ya haki. Nililetewa nyingine ngumu kama kamba ya ukili, nikaikunja, ikalia. Mwishoni nikapata zenye gamba la silikoni, laini, zinazostahimili joto, na namba zake zikapandana kwa urefu kama watoto wa nyumba moja. Mwanangu huyu, maana mtoto wa kaka ni wangu, alikaa juu ya tairi akinitazama.

"Unazichunguza hivyo, mtu atadhani unatafuta mkwe," akasema.

Nikamwambia mkwe akizima njiani anarudishwa kwao.

Koili ndiyo iliyonichukua muda. Gari lenye taba halidanganyiki, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda inataka moto mkali kuipita. Koili dhaifu haijionyeshi gari likiwa limesimama. Hujionyesha ukikanyaga, au ikipata joto. Kwa hiyo kila niliyoijaribu niliiacha injini ikanguruma saa nzima juani, boneti imefungwa, ndipo nikapima upya. Mbili zilianguka. Ya tatu ilisimama.

Niliposhika ile ya tatu, ya moto, na kiganja changu kikaistahimili, ndipo nilipokwenda kabatini nikaitoa soksi. Nilimwambia mwanangu kila kitu, pamoja na sifa. Hakuwahi kusikia habari ya sifa. Mama naye hakuwahi. Nikakata vipande viwili vya waya, kimoja cha mpira kama zile za zamani, kimoja cha silikoni, nikavipaka sifa niliyoagiza kwa wavuvi. Baada ya siku kumi mpira ulikuwa umevimba, ukibonyezwa unabaki na alama ya kidole. Basi ni kweli. Waya niliziharibu mimi. Pengine lile kumisi la saa mbili lilikuwa langu, na kama si lile tungekuwa mbele zaidi. Hilo nalichukua.

Kisha nikaibana ile koili ya zamani kwenye jiliwa nikaikata kwa msumeno. Nilianza na rangi. Chini ya ile nyeusi tititi kulikuwa na rangi nyingine, na chini yake kutu. Chini ya nembo kulikuwa na nembo. Koili ya namna ile inatakiwa iwe imejaa mafuta ndani, ndiyo yanayoipoza. Ilikuwa tupu, na tundu lake lilizibwa kwa lami kisha likapakwa rangi. Mtu alikaa kitako akafanya kazi ile kwa makini. Koili tupu huwaka vizuri ukiijaribu dukani. Hufa ikipata joto.

Mwanangu alivigeuza vile vipande viwili vya koili muda mrefu.

"Waya ulizipaka wewe, ami," akasema. "Koili hukuipaka."

Nilipomwambia mama, hakushangaa habari ya sifa. Alisema harufu ile aliijua siku ileile, na kwamba mtu anayepaka sifa anataka kitu kidumu. Miaka yote hiyo alijua, nami namficha.

Waliomchukua kaka siwasahau. Mkubwa wa kundi lile alikuja kuvaa suti, akakaa kwenye mikutano ya amani kwenye hoteli zenye baridi, na watu wakamwita mheshimiwa. Huyo ana Mungu wake na nina imani naye, huyo Mungu. Lakini yule wa tasbihi yuko Mombasa hii hii. Ana duka kubwa kuliko la kwanza, na msikitini anakaa safu ya mbele. Nilikwenda. Nikaweka nusu mbili za koili juu ya kaunta yake. Alizitazama, akanitazama, na akanijua, kwa sababu aliangalia tena miguuni. Aliagiza chai. Akasema vita ndivyo vilivyomchukua ndugu yangu, si chuma. Akasema zama zile kila mtu aliuza alichonacho. Kisha akasema nichague waya na koili yoyote pale dukani, nichukue bure.

Nikamwambia nimekwisha kuchagua.

Safari tulikwenda alfajiri ya Jumamosi, mwana kwenye usukani, mimi kando, mama nyuma na kapu lake. Mpaka Malindi mama alilikumbatia kapu lake kwa mikono miwili. Baada ya Garsen barabara ikanyooka, na yule mwana akakanyaga kidogo, na gari likaitika bila kukatika, sauti moja, na mama akauliza kama haliwezi kwenda zaidi ya hapo. Nikageuka nikamwona anacheka. Tulipofika Mokowe alishuka, akazunguka mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Joto la kawaida," akasema, kama fundi.

Dada yake alimpokea gatini. Mimi na mwanangu tukabaki na gari, tukala samaki wa kukaanga juu ya boneti ileile.

Mama kanikataza kuandika majina, na nimemtii. Lakini wewe mwenye tasbihi unajijua, na watoto wako wanajua kusoma, watakusomea. Langu nimelisema mbele za watu: nilipaka sifa mahali pasipo pake, nami nilikuwa sijui. Chai yako siitaki, na waya zako za bure sizitaki. Nataka useme, mbele ya mtoto wa kaka yangu, ana kwa ana. Siku ile ulipoingia ghalani ukakaa muda, nami nimekwisha kukwambia kuna mwanamke mwenye mimba, ulijua kuwa ni tupu?