Kurasa za Mwisho Zilizobaki Nguba

Kwetu Bukavu walisema sitarudi na diploma. Walisema nitarudi na miwani ya jua na Kiingereza cha kusalimia tu. Mjomba wangu wa mtaa wa Kasha alikwenda mbali zaidi: "Ule? Hata vitabu vya watu hatarudisha." Diploma ya fasihi ninayo, imetundikwa sebuleni, na niliipata Kampala kwa jasho langu mwenyewe, nikibeba mizigo asubuhi na kufundisha Kifaransa jioni. Lakini neno la vitabu ndilo lililoniuma, kwa sababu kweli niliondoka na vitabu viwili vya watu.

Sisi wapenzi wa vitabu wa Bukavu tuna desturi yetu. Vitabu ni adimu, wanaovitaka ni wengi, kwa hiyo mwenye kitabu hukuazima bila kurasa za mwisho. Huzikata kwa wembe na kuzihifadhi kwenye bahasha. Ukitaka kujua mwisho, rudisha kitabu, keti kwake, usome mbele yake. Kuusoma mahali pengine ni wizi, na aliyejulikana kwa hilo haazimwi tena na mtu yeyote, kutoka Bagira hadi Nguba.

Niliporudi, nilianza kurudisha kwa maman mmoja wa Bagira, muuza vitenge, aliyeniazima riwaya nene ya majoka na wachawi. Alikuwa ameifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji ili wenzake wa chumba cha maombi wasilione joka la jalada. Alikipokea kitabu, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Ule muchawi wa jicho moja, alikufa wapi?"

"Hakufa, maman. Alijificha ndani ya kengele."

"Mm. Kaa."

Alinipa bahasha, akasimama mlangoni hadi nilipomaliza. Joka lilikufa vizuri.

Wa pili ndiye niliyemwogopa. Ni muzee wa Nguba, mwalimu mstaafu, mwenye kabati la tamthilia za zamani. Kabati jingine kama lile mjini sijaliona, nami nilikuwa nimerudi nikitaka kulisoma lote. Aliniazima tamthilia ya jemadari anayeshtakiwa kuwafungulia maadui lango la mji. Nani hasa alilifungua? Jibu lilibaki kwake.

"Ulisomea nini kule?" aliniuliza, kitabu kikiwa bado mkononi mwangu.

"Fasihi, muzee. Nilikuwa wa kwanza darasani."

"Na hii tamthilia haikukuwa mu programu?"

"Ilikuwamo. Walipofika kitendo cha mwisho nilitoka nje."

"Ukatoka. Na mtihani?"

"Nilichagua swali lingine. Nikapita."

"Mutoto wangu, hiyo hata miye siwezi kuamini."

Hakukasirika, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Nami nilikuwa na shaka zangu. Bahasha aliyoitoa ilikuwa mpya mno. Je, alizipoteza kurasa, na sasa anatafuta sababu ya kunifukuza? Tulitazamana kama wabadilisha pesa wawili, kila mmoja akiinua noti ya mwenzake kwenye mwanga.

"Mbele ya kusoma, niambie kwanza. Ni nani alifungua lango?"

"Mweka hazina," nilisema bila kusita. Kampala, kabla darasa halijafika kitendo cha mwisho, nilikuwa nimeitetea hoja hiyo kila mahali, nikitaja viatu vyake vyenye tope na ufunguo wa kitendo cha pili. "Msomaji makini anaona tangu mwanzo, muzee."

"Aya. Soma basi."

Nilisoma, naye akanisoma uso. Kwanza ikathibitika kwamba mweka hazina alikuwa mgonjwa kitandani usiku ule. Kisha mama yake jemadari, bibi kizee aliyekuwa akishona kwenye kona tangu pazia lilipofunguliwa, bibi ambaye sikuwahi kumtaja kwa mtu, aliweka sindano chini akasema ni yeye. Alidhani anamfungulia mwanawe.

Masikio yaliniwaka moto. Nilirudi nyuma ukurasa mmoja nikitafuta kosa la mpiga chapa.

Muzee alianza kucheka polepole, hadi miwani ikamwangukia kifuani.

"Basi haukusoma," alisema. "Mutu mwenye alisoma hawezi kusema mweka hazina na kichwa juu hivi."

Alikichukua kitabu, akazipanga kurasa mahali pake. Siku hiyo hapakuwa na mtu Bukavu aliyenidai kitabu. Kisha akafungua kabati. Nilichagua tamthilia nene kuliko zote, na yeye akanyoosha mkono kutafuta wembe.