Mrija wa Baba Mkwe

Naona haya hata kuanza, ila ninyi ni watu wangu, chekeni taratibu.

Siku hiyo nilienda kijijini Miti kujitambulisha kwa Papa Bisimwa, baba wa mchumba wangu Nabintu, mzee aliyewinda nguruwe pori miaka mingi kabla hajarudisha bunduki kwa Leta, yaani serikali. Njia nzima kutoka Bukavu Nabintu alinionya: "Wewe usalimie, unyamaze." Lakini mzee akaniuliza kama najua bunduki, nami (mtu wa ofisi, sijashika hata manati) nikajibu ndiyo, eti kwa sababu niliona video moja kwenye simu.

"Basi kano murefu na kano mufupi, gani iko muzuri?"

Kano ndio mtutu, hilo nililijua. "Murefu, Papa! Baruti inasukuma risasi sana, inatoka na mbiyo. Mufupi, inatoka na nguvu kidogo, lazima usogelee munyama."

"Na nikitengeneza kano ya kutoka hapa mpaka Kavumu?"

Kichwa kikavurugika. Nikasema risasi itafika Goma. Wakacheka wote, hata mama mkwe, nami badala ya kutulia nikaokota punje ya mtama, nikachomoa mrija mfupi kwenye kasiksi yangu, ile pombe ya ndizi tuliyokuwa tukinywa kwa mirija, nikapuliza, punje ikagonga mlango, nikashangilia, nikadaka mrija mrefu uliokuwa karibu, nikapuliza punje nyingine, ikakwama katikati, pumzi ikaniishia, nikavuta nyingine bila kuutoa mdomoni (mmeshaona), punje ikarudi mpaka kooni.

Nilikohoa machozi yakitoka, mzee akinipiga mgongoni, na nilipofumbua macho mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Sikuelewa. Nilidhani ananihurumia.

"Iyo mulija ni ya Papa!" Nabintu akaninong'oneza.

Jamani! Kwetu mkwe hata kidole hagusishi mrija wa baba mkwe, mimi nimeujaza mate. Nikajua mke nimemkosa.

Mzee akautazama mrija, akanitazama mimi. "Unaona? Pumzi ikiisha, kano yenye inabakia inakamata risasi tu. Kano inapimwa na baruti yake. Rudia dimanche, mutoto yangu. Na ukuje na mulija yako."

Jumapili hiyo nilirudi na wangu, mfupi. Mpaka leo sijaelewa vizuri mtutu uwe na urefu gani, na nikiulizwa habari za bunduki najibu "sijui, Papa", halafu naangalia kwanza mrija ulio mkononi mwangu ni wa nani.