Mlo wa Modogashe

Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu katika kijiji cha Griftu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani mjini Garissa, ambako sisi watu wa pwani tulihamia nikiwa bado mdogo. Ujumbe uliponifikia kwa redio ya polisi kwamba amezidiwa, nilipanda gari la kwanza lililoelekea huko, pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi. Nilitaka kitu kimoja tu: nimkute baba yu hai, aniambie lolote, hata anigombeze.

Tulifika Modogashe usiku. Dereva akazima injini mbele ya hoteli ya mabati iliyowashwa karabai, akasema tutakula. Nikamwambia mimi sina njaa, na yeye akila, atafune upesi. Akacheka, akashuka kumsalimia dereva wa lori lililokuwa limetoka Garissa.

Niliwaona wakizungumza kwa sauti ya chini, kisha wakamwita mama mwenye hoteli. Kisomali changu kilikuwa cha salamu na cha sokoni, basi nikadhani wanapashana habari za majambazi wa njiani. Dereva wangu aliporudi, haraka yote ilikuwa imemtoka. Aliagiza chai, akakaa nayo nje bila kuinywa. Nikamsonya waziwazi.

Mama yule alinipeleka nyuma ya pazia, wanakokula wanawake. Alinimiminia maji mikononi yeye mwenyewe, akaleta sinia la wali na mguu wa mbuzi.

"Kula, abaayo," alisema, akiniita dada.

"Baba yangu ni mgonjwa, mama. Nachelewa."

"Najua. Kula kwanza. Gari iko, dereva iko."

Nilikuwa na hasira hadi machozi yananilengalenga. Lakini yeye alikaa kando yangu, akawa anaichambua nyama mfupani kwa vidole na kuisogeza upande wangu wa sinia, nami tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni. Tonge la kwanza likavuta la pili. Nyama ilikuwa laini, imenona, na wali ulinukia iliki. Nilikula nikashiba. Nikalamba vidole, nikaomba na chai.

Alisubiri niimalize. Kisha akaninawisha mikono, na badala ya kunipa kitambaa akaishika ikiwa bado inachuruzika maji.

"Baba yako Mungu amechukua leo adhuhuri," alisema. "Wamezika yeye baada ya asri. Huyu ya lori alikuwa kaburini. Sisi hapana ambia msafiri habari kama hii na tumbo tupu. Ukisikia, hutakula tena, na safari bado refu."

Nililia kwa sauti. Mama hakuniambia nijikaze. Aliniegemeza begani mwake, akawa anasoma dua polepole.

Watu wengi wameniambia alinitendea wema, na mimi sibishi, kwa maana bila chakula kile nisingefika Garissa nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Ila wananiuliza kwa nini sili nyama ya mbuzi, nami hujibu kwamba haipatani nami. Siwezi kuwaeleza kwamba ule ulikuwa mlo wa mwisho niliokula nikijua nina baba, kumbe yuko chini ya udongo, na kwamba ulikuwa mtamu.