Joto Ndani ya Chumba cha Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa bisibisi na brashi ya kupakia rangi, mpya kabisa, nikadhani nimekosea mlango. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, nimesomea kompyuta. Brashi ya nini? Karakana yetu ilikuwa chini ya jengo kongwe la serikali, Mji Mkongwe, na Mkuu wa Karakana, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, hakunipa hotuba yoyote. Alifungua ubavu wa kompyuta ya mezani akaniambia niiname.

"Unaona nini, Salma?"

"Vumbi, bwana."

"Vumbi la wapi?"

Nikainama zaidi. Akanionesha kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa jeupe, limeganda kama unga uliorowa. Ilikuwa ni chokaa ya kuta zetu za mawe, inayopukutika mchana na usiku, ikakutana na unyevu wa chumvi kutoka baharini. "Ukijua limetoka wapi," akasema, "utajua litarudi lini."

Nyinyi vijana mnaosoma haya pengine hamjapata kufungua kompyuta, basi nieleze kidogo. Prosesa ni kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine, na kila hesabu inaacha joto. Juu yake hukaa kipoza joto, pande la chuma lenye mapezi membamba, na juu ya hicho feni. Baina ya prosesa na kipoza joto hupakwa pesti, dawa nzito ya kijivu inayojaza vijinafasi visivyoonekana kwa macho ili joto lipate njia. Pesti ikikauka, feni itazunguka mpaka ichoke na joto litabaki palepale. Tulikuwa tukiifuta kwa spiriti na kupaka mpya, kiasi cha punje ya choroko tu. Na tulipopangusa vumbi kwa brashi na kulipuliza, tulishika feni kwa kidole, isizunguke ovyo ikaharibu mhimili wake.

Jambo moja Mkuu wa Karakana hakulistahamili ni kukisia. Mara moja alinikuta nimeweka kiganja juu ya boksi la kompyuta, nasema hii ina moto.

"Mkono mwongo huo," akaniambia. "Umetoka kushika kikombe cha chai. Iulize mashine yenyewe."

Ndani ya prosesa mna vipima joto, na programu ndogo inaweza kukusomea namba zake. Katika hali ya hewa ya Unguja, mashine iliyotulia ikiwa kwenye nyuzi arubaini na kitu, hiyo ni salama. Ikifanya kazi, sitini au sabini hazikutishi. Ikivuka themanini na tano, anza kuuliza maswali. Ikikaribia mia, nyingi hujipunguzia mwendo zenyewe, na hilo lisipotosha, hujizima. Watu wakituletea wakisema imekufa. Mkuu wa Karakana akijibu, "Haijafa. Imekimbia kufa."

Nilihamishwa baadaye Chukwani, kwenye ofisi mpya yenye madirisha mapana, ambako nilikaa nikichoka kwa kukosa kazi. Kisha nikapewa skuli za kaskazini hadi Nungwi. Huko adui hakuwa chokaa bali mchanga, tena mchanga laini unaoingia hata pale pasipo na tundu. Nilipenda kila kituo kwa vumbi lake. Lakini kisa ninachoulizwa zaidi kilinikuta niliporudi mjini, kwenye kituo kidogo cha kuhifadhi lugha.

Kituo kile kilikuwa kinarekodi wazee. Siku hizo alikuwa akija Bi Mwatima, mtu wa Tumbatu, aliyetumia umri wake kuchokoa pweza miambani maji yakitoka. Alikuwa akiyajua majina ya mawe yote ya upande wao, yale yanayoonekana wakati wa bamvua tu, maji yanapotoka kupita kawaida, na kila jina lilikuwa na kisa chake. Shingoni alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa wa koo. Daktari alishampangia kupasuliwa, na alishamwambia kwa uwazi kwamba sauti yake huenda ikabadilika, huenda hata ikapotea.

"Ndiyo maana nimekuja," alituambia. "Nseme kabla sijakatwa."

Tatizo ni kwamba kompyuta ya kurekodia ilikuwa inajizima. Mara ya kwanza nilipokuwepo, Bi Mwatima alikuwa amefika kwenye kisa cha Mwamba wa Wifi, anaeleza mawifi wawili waliogombea pweza mmoja mpaka pweza akaenda zake. Kioo kikawa cheusi katikati ya ugomvi.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Imejizima, Bi Mwatima. Joto."

"Kumbe nayo ina rovu!"

Tulicheka, lakini Mkurugenzi wa kituo hakucheka. Alikuwa mtaalamu wa lugha, mwenye masikio makali kupita mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

"Joto gani, Bi Salma? Chumba hichi baridi mpaka nnavaa koti!"

Alikuwa na haki ya kushangaa. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma tangu asubuhi, tukikizima tu wakati wa kurekodi, na kuta zilikuwa zimeshika ubaridi. Mimi mwenyewe nilishangaa, na nisiwafiche, nilifurahi. Nilifungua mashine: safi. Pesti mbichi. Feni nzima. Basi kwa nini?

Nikaacha programu ya joto wazi, nikakaa kuitazama. Namba zilitulia vizuri. Bi Mwatima alipokuwa tayari, Mkurugenzi akainuka, kama desturi yake, akafunga milango ya kabati la mbao ambamo kompyuta ilikaa. Namba zikaanza kupanda. Sabini na mbili. Themanini. Themanini na nane.

"Bwana, hebu fungua kabati."

Akafungua. Zikashuka.

"Lakini nikiliacha wazi," akasema, "feni inaingia kwenye maikrofoni. Nnaisikia chini ya kila neno. Kabati nimelitengenezesha kwa sababu hiyo."

Hapo ndipo tulipokwama. Kabati likifungwa, mashine inavuta hewa ileile iliyoitema, inazidi kuchemka na inajizima. Likiwa wazi, feni inazungumza pamoja na Bi Mwatima. Na siku ya kupasuliwa ilikuwa inakaribia.

Nilijiuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la mwanzo: kurekodi sauti ya mtu mmoja kunahitaji hesabu nyingi kiasi gani? Kidogo mno. Prosesa ile ilikuwa inakimbia mbio za bure. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine nikaiwekea kikomo, isipite nusu ya mwendo wake. Joto likashuka na kukaa kwenye hamsini na kitu. Feni, kwa kuwa haina moto wa kufukuza, ikazunguka polepole.

Mkurugenzi akavaa spika za masikioni, kabati likiwa wazi, akafumba macho. Tukangoja.

"Sisikii kitu," akasema. "Bi Mwatima, bismillahi."

Alizungumza mpaka mawe yakamalizika.

Alipasuliwa, Alhamdulillahi akapona, na sauti ikarudi, ila nyembamba, ya kukwaruza. Alipokuja kusikiliza, nilimvisha spika mimi mwenyewe. Alisikiliza muda mrefu, mkono shingoni.

"Nnamjua huyu bibi," akasema. "Msemaji! Lakini hapo kakosea. Wifi mkubwa ndiye aliyeanza ugomvi. Washa mashine yako nimsahihishe."

Tukamrekodi kwa sauti yake mpya. Zote mbili zimehifadhiwa pamoja.

Sasa nimestaafu, nipo Mpendae. Watu huniuliza kama nimechoka na mashine. Ukweli ni kwamba kazini sikupata nafasi ya kuuliza maswali yasiyo na haraka. Hapa mezani nina kompyuta mbili za aina moja, zilizonunuliwa pamoja, na moja daima ina joto zaidi kuliko mwenzake. Nimezibadilishanisha feni. Nimezibadilishanisha mahali. Nimepaka pesti upya kwa mkono uleule kutoka kopo lileile. Mume wangu ananiambia tofauti ndogo kama hiyo haimdhuru mtu, na ni kweli, haimdhuru.

Asubuhi hii nimezibadilisha prosesa zenyewe, ya huku kule na ya kule huku, nione kama joto litahama nazo au litabaki palepale. Nimeziwasha zote mbili. Feni zinazunguka, na mimi nnangoja namba zitulie.