Alichokiondoa Punguza

Mume wangu ana ugonjwa wa kupunguza. Nyumbani kwetu hakuna kiti cha ziada, hakuna kikombe kisicho na mwenyewe, na sufuria yangu ya tatu niliificha kwa jirani mwaka mzima, mpaka siku moja nikasema liwalo na liwe, nikairudisha mchana kweupe. Akiona kitu hakijaguswa mwezi mzima anauliza, "Hiki kinafanya kazi gani hapa?" Ukisitasita kujibu, kimekwenda. Kazini wamempa jina Punguza, na mimi niliposikia jina hilo nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Tunafanya kazi pamoja, kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Tunachapa vyeti, vitabu vya stakabadhi, ratiba za mazishi, chochote mtu atakacholeta. Mimi niko meza ya kujalidi: nakunja, nashona, nabandika majalada. Yeye ni fundi wa kompyuta. Na dada yake mkubwa, wifi yangu, ndiye msahihishaji. Hakuna karatasi inayopanda mtamboni kabla hajaisoma yeye, na amekaa kwenye kiti hicho miaka ishirini na miwili. Kwa jinsi alivyokuwa akinasa makosa, wafanyakazi walimwita Mwewe.

Huyo dada ndiye aliyemlea mume wangu. Mimi na yeye tumegombania yote wanayogombania mawifi: chumvi, watoto, na nani anamjua zaidi huyu mwanamume. Tunapendana. Simwambii, atavimba kichwa, lakini tunapendana.

Kompyuta zetu ni sita, zote kuukuu. Bosi wetu hanunui kitu ambacho cha zamani kinaweza kupigwa teke kikawaka. Ndiyo maana siku nyingi tunatumia Linux, mfumo huria ambao mtu anaruhusiwa kuufungua, kuuchokonoa na kuubadilisha atakavyo. Mume wangu na mfumo huo ni chanda na pete. Tatizo, kila toleo jipya lilikuja na mapambo zaidi, na kompyuta zetu zikawa zinahema. Ukifungua faili, mimi nilikuwa nakunja kurasa ishirini kabla halijatokea. Punguza akaamua kubadilisha eneo-kazi lote, yaani ile sura unayoiona ukiwasha, menyu, madirisha na upau wa chini, aweke jingine jepesi lisilokula kumbukumbu ya mashine.

Jumatatu asubuhi akatukusanya, karatasi mkononi. Alikuwa ameorodhesha programu zote, akawa anasoma moja moja na kuuliza nani anaitumia. Ya hali ya hewa? Kimya, akapiga mstari. Michezo ya karata? Mwendesha mtambo akatazama dari, mstari. Akafika kwenye kisoma skrini.

"Hii inamsomea kwa sauti mtu asiyeona," akasema. "Na hii nyingine inakuza maandishi. Nani anazitumia?"

"Labda Bosi," akasema mwendesha mtambo. "Siku ya mishahara haoni kabisa."

Tukacheka. Wifi naye alicheka, nakumbuka vizuri. Punguza akapiga mistari miwili.

Alitengeneza mashine moja vile alivyotaka, kisha akainakili kwenye zile tano, bila kugusa folda za watu. Wiki ile ya kwanza ilikuwa vituko. Mpangaji wa kurasa alivuta upau wa chini kwa bahati mbaya ukapotea, akapiga kelele kama ameibiwa pochi. Punguza akaja, akafuta faili la mipangilio ya upau, akatoka na kuingia upya, upau ukarudi mahali pake. Printa nayo ilinuna siku mbili, kumbe katika kupunguza kwake alikuwa ameondoa huduma inayopeleka kazi kwenye printa. Akairudisha huku akijisemea. Lakini baada ya hapo, jamani, tusiwe wanyimi wa sifa. Mashine ilikuwa tayari kabla hujavuta kiti. Maandishi aliyafanya madogo ili kurasa mbili zikae bega kwa bega kwenye skrini. Watu wote walimsifu. Wifi alisema, "Nzuri," akageukia kazi yake.

Makosa yakaanza wiki ya pili. Kwanza kitabu cha stakabadhi kikatoka na namba ya simu iliyopungua tarakimu moja. Halafu cheti. Halafu ikaja ile ratiba ya mazishi. Kwa karatasi yetu, marehemu alikuwa amezaliwa mwaka mmoja baada ya mtoto wake wa kwanza. Familia ilikuja mlangoni na boksi zima. Hawakugomba, waliliweka tu juu ya kaunta wakasimama. Heri wangegomba.

Bosi akatuita. "Miaka yote sijarudishiwa kazi," akasema. "Sasa tatu ndani ya wiki moja, na zote zimepita meza ile. Ijumaa nataka jibu. Kama ni mashine, itoke. Kama ni mtu, atoke."

Wifi hakutikisika. "Ni mashine," akasema. "Tangu ibadilishwe inanichezea. Maandishi yanakuwa kama yana ukungu."

Kuambiwa hivyo na dada yake, mbele ya watu, kulimwingia mume wangu. Lakini kwa Bosi neno ni neno, na hapo kilichobaki kilikuwa kujua ni nani kati ya wale wawili anasema kweli, dada au mashine.

Akaanza kuipima. Jumanne alibadilisha waya wa skrini, akabadilisha na skrini yenyewe, akampa wifi ile ya mpangaji wa kurasa. Akaipima kumbukumbu ya mashine mchana kutwa. Akasoma kumbukumbu za mfumo, maana mashine huandika kila kinachoisibu, mstari kwa mstari, kama mgonjwa mlalamishi. Hakukuwa na kitu.

"Haina hata mafua," akaniambia jioni nyumbani. "Dada ananisingizia."

"Ebo! Na wewe uliyeiweka ni malaika?"

"Nionyeshe kosa."

"Mimi nakunja karatasi, sikuonyeshi chochote. Lakini yule mwanamke amekulea, hajakusingizia hata siku ulipovunja kioo cha jirani ukasema ni upepo."

Hatukusemeshana mpaka asubuhi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hofu, kwa sababu wifi hana mume wala mtoto wa kumtegemea. Ana ile meza.

Alhamisi mchana, wifi alipokwenda kula, Punguza akaja na jaribio lake la mwisho. Alifungua akaunti mpya kwenye mashine ile ile, aone kama ukungu utamfuata mtumiaji mgeni. Haukumfuata. Basi, akasema, kama kuna kasoro imo kwenye mipangilio ya dada mwenyewe. Akaingia kwenye folda yake, akaonyesha mafaili yaliyofichwa.

Nilimwona ameacha kubofya. Mume wangu akiwa kazini hatulii, vidole vinacheza hata akifikiri. Sasa alikuwa ameviweka juu ya meza.

"Njoo," akaniita. "Funga mlango."

Akanieleza polepole. Ukiondoa programu, programu inakwenda, lakini mapendeleo ya mtu yanabaki kwenye folda yake mpaka ayafute mwenyewe. Na pale palikuwa na mapendeleo ya kisoma skrini. Maandishi yamekuzwa mara nne. Sauti imewekwa kasi ambayo mimi singeshika hata neno. Kisha orodha ndefu ya majina ya watu na mitaa, zaidi ya mia tatu, mtu amekaa akaifundisha mashine kulitamka kila moja. Faili la zamani kuliko yote lilikuwa la miaka mitatu. La mwisho lilikuwa la Jumamosi, siku mbili kabla ya ile orodha.

"Haya ya nani?" nikauliza, na jibu nalijua.

"Ya dada."

Nikakumbuka skrini yake inavyotazama ukuta, na vile visikilizio vyake, waya unapita chini ya kitambaa cha kichwa. Sote tulidhani anasikiliza redio. Mimi hata nilimsengenya kwa hilo, kwamba mtu mzima hafanyi kazi bila muziki. Mungu anisamehe.

Wifi aliingia akatukuta tumesimama mbele ya skrini. Hakuuliza tunaangalia nini.

"Mmefungua sanduku langu," akasema.

"Dada, huoni?" Mume wangu sauti ilimpanda. "Huoni, na mimi nasoma orodha mbele yako nikauliza nani anaitumia, ukacheka?"

"Pembeni naona. Natembea, navuka barabara. Katikati ndipo pameingia doa. Nikilitazama neno, lile ninalolitazama ndilo halipo. Hospitali wamesema halina dawa wala miwani."

"Mficha maradhi, wifi," nikaanza, "kilio humuum..."

"Kilio ndicho hiki, usinisomee methali." Akavuta kiti chake akakaa. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Unamkumbuka mama?"

Mdogo wake akaitikia kwa kichwa.

"Siku aliyosema haoni, tulimpa kiti cha kona. Tukamwondolea kisu, asijikate. Tukamwondolea jiko, asiungue. Mimi ndiye niliyemnyang'anya kile kisu mkononi, kwa huruma. Alikaa kwenye kiti kile miaka sita, anaulizwa tu kama ameshakula. Nilijua nikisema, kesho yake mtanitafutia kiti."

Mume wangu akafuta uso kwa kiganja. Analia vibaya, mdomo wazi kama mtoto, na hakujificha. Baadaye akageukia mashine, akaandika amri moja, akazirudisha programu zote mbili. Zilipowaka zilikuta mapendeleo yao yanazisubiri, hakukuwa na cha kupanga. Ile sauti ikaanza kusoma, kavu, kama ya mtu aliyebanwa pua. Wifi akavaa visikilizio vyake akafungua kazi za siku ile, na hakuinua kichwa mpaka saa ya kufunga.

Ijumaa Bosi alikuja akasimama katikati ya chumba. "Haya. Mashine au mtu?"

"Ni mimi," akasema mume wangu. "Niliondoa kitu ambacho sikupaswa kuondoa."

"Kitu gani?"

Hapo Punguza akaanza kutafuna maneno. Mara huduma, mara maktaba za mfumo, anazunguka mbuyu asimtaje dada. Wifi akasimama.

"Nyamaza, nitasema mwenyewe. Bosi, kusoma kwa macho siwezi. Huu mwaka wa tatu. Kuna sauti kwenye mashine ilikuwa inanisomea, ikaondolewa, nami nikaona haya kuidai. Ile ratiba niliipitisha kwa kubahatisha. Kosa hilo ni langu."

Mwendesha mtambo akainamisha kichwa. Nadhani alikumbuka utani wake.

"Mwaka wa tatu," akasema Bosi. "Na kazi zote za miaka hiyo, ambazo haikurudi hata moja?"

"Nilizisikia. Jicho hupita juu ya kosa kwa mazoea. Ile sauti haina mazoea, inasoma kilichopo."

Bosi wetu si mtu wa maneno matamu, sitamsingizia. Alisema sauti hiyo ikae na isiguswe, kazi zote mpya zipite kwa wifi kama zamani, na Punguza siku nyingine ampelekee yeye orodha kwanza. Familia ya marehemu itachapiwa upya, na wao wawili, dada na mdogo mtu, wataipeleka kwa miguu yao na kuomba radhi. Akaenda zake. Nilishusha pumzi mpaka mbavu zikauma.

Mchana ule mume wangu alihamishia kiti chake kwenye meza ya dada. Sasa alikuwa anaongeza. Aliipanga sauti ianze yenyewe mashine ikiwaka, akaukuza mshale wa kipanya, akabadilisha rangi, maandishi meupe juu ya nyeusi. Kila hatua anauliza, "Hivi? Au hivi?" na dada anamwambia vile siyo, wewe mtoto, nisikilize. Mimi nilikuwa nashona daftari karibu yao, ninaiba maneno.

"Dada," akasema mara, "uso wangu unauona?"

Wifi akageuza kichwa kidogo kando, ule mgeuzo ambao miaka yote mimi niliuita maringo. "Masikio nayaona."

"Mara ya mwisho kuniona vizuri ilikuwa lini?"

Akafikiri. "Ulikuwa bado una nywele."

Nikaangua kicheko, sikuweza kujizuia, maana kile kichwa sasa kinang'aa. Kisha nikaanza kuhesabu. Nywele zake zilikwisha mwaka mmoja kabla sijamzaa kitinda mimba wangu. Kila Jumapili wifi humpakata yule mtoto mpaka alale, humwimbia, humpiga busu, na sote tunakaa hapo tunabishana mtoto amefanana na nani. Sindano ikanisimama mkononi.

"Wifi," nikamwita. "Na mwanangu wa mwisho?"

Hakujifanya hajaelewa. "Mlete kesho," akasema. "Nilikuwa naogopa kumpapasa uso mbele yenu, mngejua. Kesho nitamshika vizuri, nione kama kweli ile pua ni yetu."

"Ni ya kwangu," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa," akasema, akavaa visikilizio vyake.